Tai, Kizibao na Meza ya Futi 12

Spika wa Bunge la Taifa la Kenya, Moses Wetang'ula, alipopiga marufuku suti za Kaunda, zinazovaliwa bila tai, bungeni mnamo Novemba 2023, masharti aliyoyasisitiza, yaani koti, shati lenye kola na tai, yalikuwa yaleyale ambayo vilabu vya kale vya Nairobi viliyarithi kutoka Uingereza pamoja na biliadi, mchezo wa kugonga mipira kwa fimbo juu ya meza yenye kitambaa cha kijani.

Klabu ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1901, ya Parklands 1906 na ya Karen 1937. Snuka, aina ya biliadi yenye mipira 22, inasemekana ilibuniwa mwaka 1875 na maafisa wa jeshi la Uingereza huko Jabalpur, India. Na kwa kuwa mabwana wa tabaka hilo walicheza baada ya chakula cha jioni, wakivua koti ili mkono uwe huru, kizibao na tai ya kipepeo vikageuka kuwa sare ya mashindano. Katika vilabu vya walowezi Mwafrika naye alipangiwa vazi, kanzu na tarbushi, ambalo lilimruhusu kubeba sinia, si kushika fimbo. Klabu ya United Kenya, iliyopokea watu wa rangi zote, ilikuja mwaka 1946.

Aliyeitikisa zaidi sare hiyo ya kizibao na tai ni Alex Higgins wa Belfast, bingwa wa dunia wa snuka mwaka 1972 na 1982, ambaye aliichukia tai hata akawasilisha cheti cha daktari kuwa ngozi yake haiivumilii. Wasimamizi wakasalimu amri, na mwana huyo wa kibarua akacheza kola wazi miongoni mwa waliovaa kama mabwana. Ni kichekesho kwamba haki ya kupumua ilihitaji sahihi ya tabibu.

Tangu hapo mchezo umeteremka mitaani Nairobi. Meza ya snuka, yenye urefu wa futi 12, hudai ukumbi mpana. Ya pool, aina nyingine ya biliadi, ya futi 7 hivi, hutoshea kwenye baa ya Kawangware au Kangemi, ambako kijana mwenye malapa hutia sarafu na kucheza bila kuulizwa kola. Vilabu vyenye meza kubwa na viwatengee vijana hao angalau siku moja kwa juma, sharti likiwa viatu safi pekee.