Kesi ya Ngedere, Hakimu Nyani: Nani Huwapa Kazi Wanaosimamia NGO?

Kila maskani Likoni ama Kisauni kuna mtu ambaye NGO ishamgusa: yule alotafutiwa wakili, yule alosaidiwa kumsaka ndugu alopotea, yule alohudhuria semina akapewa soda. Lakini uliza swali moja: hizo NGO zasimamiwa na nani, na huyo msimamizi kapewa kazi na nani? Kimya.

Basi turudi nyuma. Mwaka 1990, mwaka uleule wa Saba Saba, enzi ya Moi, Bunge lilipitisha sheria ya kuratibu NGO. Ikazaliwa Bodi. Mwenyekiti aliteuliwa na Rais. Wengine waliteuliwa na Waziri, wengine walikuwa makatibu wa wizara. Hata walopendekezwa na NGO zenyewe, barua ya uteuzi ilitoka kwa Waziri. Na Bodi ikikufutia usajili, rufaa ya kwanza unapeleka wapi? Kwa Waziri huyohuyo! Korti baadaye. Kesi ya ngedere, hakimu nyani.

Sasa njoo 2015. Baada ya shambulizi la Chuo Kikuu cha Garissa, tarehe 2 Aprili, MUHURI na HAKI Africa zilijipata kwenye orodha ya Inspekta Jenerali wa Polisi, eti zashukiwa kuhusika na ugaidi. Akaunti zikafungwa. Haya ni mashirika ya hapa Mombasa, ndiyo yalokuwa yakipiga kelele vijana wakiuawa na kupotezwa. Orodha ilikuwa ya polisi, si ya Bodi, lakini somo ni lilelile: ukiisema serikali, omba atakayekuamua asiwe mtu wake. Novemba mwaka huo, Mahakama Kuu Mombasa iliamuru akaunti zifunguliwe.

Jaji alipata wapi ubavu? Soma Kifungu cha 160 cha Katiba ya 2010. Mshahara wa jaji hutoka moja kwa moja kwenye mfuko mkuu wa serikali, na hauwezi kupunguzwa ili kumkomoa. Hata kazi yenyewe, Rais humteua kwa pendekezo la Tume ya Huduma za Mahakama. Afisa wa kawaida wa umma hana ngao hiyo. SRC hutoa ushauri kuhusu mshahara wake, basi.

Sheria mpya, ile ya PBO, Kibaki aliitia sahihi Januari 2013. Ikaanza kutumika 14 Mei 2024. Miaka 11 imekaa kabatini! Nayo imeleta jopo la kusikiliza migogoro, wanachama wake huteuliwa na Jaji Mkuu. Yaani Waziri kashushwa kwenye kiti cha rufaa. Hapo ndipo penye utamu, na huenda ndipo palipoicheleweshea.

Kwa hivyo siku wakitangaza bosi mpya wa kusimamia NGO, usiishie kuuliza ni mtu wa kabila gani. Uliza matatu: nani kamteua, nani anomlipa, na nani aweza kumfuta? Ikiwa jibu la yote ni mtu mmoja, basi ishajulikana atamuogopa nani.