Lenzi za Kizamani Zimefufuka: Kutoka Dresden Mpaka Majengo, Sumbawanga

Leo tunapiga stori ya historia kidogo, ila inagusa mifuko yetu.

Kuna kitu kimelala kwenye makabati ya wazee hapa Majengo na wengi tunakiona takataka. Lenzi za zamani. Zile nzito, za chuma na kioo, za kuzungusha kwa mkono, hazina waya wala chipu. Ukiuliza unaambiwa, "Hiyo ilikufa na mkanda." Kiukweli haikufa. Ilikosa kamera ya kuivaa tu.

Turudi nyuma. Mwaka 1949 kule Dresden, Ujerumani Mashariki, ilitoka kamera inaitwa Contax S. Lenzi yake ilifungwa kwa skrubu, unazungusha kama kifuniko cha chupa. Upana wa skrubu ile ni milimita 42, ndo maana inaitwa M42. Wengine wakaidaka hiyo staili: Praktica, hao hao wa Dresden, Pentax ya Japani, na Zenit ya Wasovieti, iliyotengenezwa Krasnogorsk karibu na Moscow. Yaani dunia iko kwenye Vita Baridi, lakini lenzi ya Mrusi inaingia kwenye kamera ya Mjapani bila ugomvi wowote.

Na sisi hatukuwa mbali na mambo hayo. Baada ya Mapinduzi ya 1964, Ujerumani Mashariki walikuwa marafiki wakubwa wa Zanzibar, na fleti za Kikwajuni ni alama yao mpaka leo. Vijana wetu walienda kusoma Urusi. Mwaka 1980 Olimpiki ilifanyika Moscow, Filbert Bayi na Suleiman Nyambui wakarudi na medali za fedha, na mwaka huo kulikuwa na Zenit zenye nembo ya michezo hiyo. Kwa hiyo ukikuta Zenit au Praktica kwenye sanduku la mstaafu, wala usishangae.

Sasa zilipoteaje? Mwaka 1985 Minolta walitoa kamera inayojitafutia fokasi yenyewe, na mwaka 1987 Canon wakaja na EOS, wakabadilisha kabisa mdomo wa kufungia lenzi. Hapo ndo kuna siri ambayo wengi hawaijui. Kila lenzi inataka kukaa umbali wake maalumu kutoka kwenye filamu au sensa. Lenzi za Canon za zamani, zile za FD, zilitaka milimita 42. EOS mpya ilikuwa na milimita 44. Tofauti ya milimita 2 tu! Lakini ikatosha kuzifanya zisione mbali vizuri, labda uongeze kioo kingine katikati, ambacho kinapunguza ubora. Waliokuwa nazo wakaachwa njiani.

Miaka ikaenda. Mwaka 2008 Panasonic wakatoa G1, kamera iliyotoa kile kioo cha ndani kinachopandisha picha kwenye kitundu cha kuchungulia. Sony wakafuata 2010, na mwaka 2013 wakaleta A7 yenye sensa kubwa sawa na fremu ya mkanda wa zamani. Canon na Nikon nao wakahamia huko na sensa zao kubwa mwaka 2018. Kioo kikitoka, kamera inakuwa nyembamba. Kwenye Sony, kutoka mdomo wa lenzi mpaka sensa ni milimita 18 tu. Lenzi ya M42 inataka milimita 45 na nusu hivi. Nafasi inayobaki unaijaza na adapta, bomba tupu la chuma, halina kioo ndani. Basi. Mzee amefufuka.

Ukishafunga, ingia kwenye menyu uruhusu kamera kupiga bila lenzi, maana haitaitambua. Washa ile alama ya rangi inayong'aa kwenye kingo za vitu vilivyo kwenye fokasi, au vuta picha kubwa kwenye skrini uhakikishe jicho la mtu limekaa sawa. Mwanga unaupunguza kwa pete ya kwenye lenzi yenyewe. Na kabla hujanunua ya mtu, mulika tochi ndani: ukiona nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni fangasi, achana nayo.

Ukibahatika kupata Helios 44 ya milimita 58, iliyokuja na Zenit nyingi, mweke mtu mbele ya miti. Majani ya nyuma yanazunguka kama kimbunga, mtu anabaki katikati ametulia. Siku hizi watu wanailazimisha hali hiyo kwa programu.

Ila ngoja niseme linaloniuma. Hapa mtaani kuna wazee waliopiga picha za kipaimara, harusi na vitambulisho vya nusu ya mji huu. Walikadiria hatua kwa macho, na jua kali la Ufipa walilisoma bila kipimo: 16 kwenye pete ya lenzi, filamu ya 100, spidi moja ya mia na kitu, picha inatoka. Lenzi hizi zinataka ujuzi huo huo. Adapta utaipata mtandaoni, lakini jicho la mzee huwezi kuliagiza. Akiondoka, watoto wanasafisha nyumba, lenzi inaenda kwa muuza chuma chakavu na bahasha za negativu zinachomwa na majani. Sura za bibi zetu zimo humo.

Kwa hiyo wikiendi hii, kabla hujaanza kuweka akiba ya lenzi mpya, mtembelee mzee mmoja. Msalimie vizuri, "Shikamoo babu," halafu omba akuonyeshe begi lake. Muulize lenzi, muulize na negativu, mlipe haki yake.

Si tunaambiwa Sumbawanga maana yake ni tupa uchawi? Sawa, uchawi tutupe. Lenzi tuache.

Wewe kwenu kuna kamera gani kabatini? Tuambie hapo chini.