Kutambaza: kuutoa mchoro karatasini bila kuusingizia

Mchoraji anayeishi Mpanda, mkoani Katavi, na kuchora viboko wa mto Katuma ana shida ambayo mwenzake wa Dar es Salaam haijui: mchapaji, mhariri na mteja wake wote wako zaidi ya kilomita 1,000 kutoka alipo. Karatasi yenyewe inaweza kusafiri, kwa treni hadi Tabora na kuendelea, au kwa basi, ndani ya bahasha iliyolaliwa na gunia la mpunga. Wengi hawathubutu. Wanachotuma ni nakala ya kompyuta, na ubora wa nakala hiyo ndio utakaoamua kama kiboko atafika na ngozi yake.

Kitendo cha kuipata nakala hiyo kina majina matatu. Kwenye steshenari watu husema kuskani: “Niskanie hiki cheti.” Simu zilizowekwa Kiswahili humtaka mtu achanganue msimbo. Wanaistilahi nao wametupa kutambaza. Sina ugomvi na kuskani, neno limeshakaa mdomoni na halitoki. Ila kati ya hayo mengine mawili, ninasimama upande wa kutambaza, na sababu yangu iko ndani ya mashine.

Kuchanganua ni kutenga vilivyochanganyika ili kupata maana. Simu inayosoma vile viraba vyeusi vya malipo inachanganua kweli, kwa kuwa inatafuta ujumbe uliofichwa humo na ikishaupata viraba havina kazi tena. Mchoro hautaki kueleweka na mashine, unataka kupitwa juu yake inchi kwa inchi na kila kilichopo kiandikwe kama kilivyo. Fungua mfuniko wa kitambazo cha nyumbani uone: chini ya kioo kuna mhimili wenye taa na safu ya vihisi, unaovutwa polepole kutoka upande mmoja hadi mwingine. Husoma mstari mmoja mwembamba, husogea, husoma unaofuata. Unatambaa. Neno limeeleza kazi, na hilo ni jambo adimu katika istilahi za kompyuta. (Wa Dar es Salaam watacheka, maana kwao Tambaza ni shule ya Upanga.)

Sikusema kwamba neno linatosha kila mahali. Mwaka 1957 Russell Kirsch wa Marekani alipoingiza kwenye kompyuta picha ya mwanawe mchanga, kazi inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya aina yake, picha ilifungwa kwenye pipa lililozunguka. Hapo hakikutambaa kitu. Picha ile ilikuwa na nukta 176 kwa 176, pungufu ya 31,000 zote pamoja. Na Waingereza wenyewe neno lao limetokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kupanda, kilichohamia kwenye kupima mizani ya mashairi kabla ya kufika kwenye mashine. Wao wamepanda, sisi tumetambaa.

Neno la pili ambalo mchoraji halikwepi ni lile la wingi wa nukta katika kila inchi. Akilitafuta la Kiingereza, resolution, kwenye kamusi ya kawaida atapewa azimio, na azimio kwa Mtanzania ni la Arusha, 1967. Wapo wanaotumia mwonekano, lakini mwonekano ni matokeo, nasi tunataka jina la kipimo. Msongo ungefaa sana kama shirika la umeme, TANESCO, lisingeuwahi: kwao msongo ni wa kilovoti. Mimi hutumia msongamano wa nukta, mrefu kidogo lakini haudanganyi. Karatasi ya A4 ikitambazwa kwa nukta 300 kwa inchi hutoa picha ya nukta 2,480 kwa 3,508, yaani kama milioni 8.7. Ukipandisha hadi 600, jumla haiwi mara mbili bali mara nne, karibu milioni 35, na faili la rangi lisilobanwa huzidi megabaiti 100. Nukta 300 zinatosha kwa mchoro utakaochapwa kwa ukubwa uleule. Ukitaka kuukuza mara mbili, au ukiwa na mistari myembamba ya wino, anza na 600. Zile namba kubwa kubwa zinazoandikwa kwenye boksi la mashine mara nyingi ni za kubuniwa na programu: nukta zinaongezwa katikati ya zilizosomwa, na hakuna kipya kilichoonekana.

Hadi hapo ni hesabu. Ugumu wenyewe uko kwenye kitu ambacho mashine hufanya bila kuombwa, nacho ni kupendezesha. Vitambazo vingi vya nyumbani vimeandaliwa kwa vyeti na barua, ambako karatasi inapaswa kuwa nyeupe pee na maandishi meusi tii. Kivuli chepesi cha penseli ubavuni mwa kiboko, kwa macho ya programu, ni uchafu wa karatasi, basi kinafutwa. Programu za simu za kutambazia hati ni kali zaidi kwa hilo. Cheti hutoka kimepigwa pasi, mchoro hutoka umenyolewa. Kwa hiyo kabla ya yote, chagua aina ya picha badala ya hati, zima marekebisho yote ya kujiendesha, na utambaze kwa rangi hata kama umechora kwa penseli tupu. Rangi unaweza kuiondoa baadaye, isiposomwa, hairudi.

Nakala utakayoipata hivyo itakuvunja moyo. Itakuwa imefifia, karatasi ina umanjano, weusi haujakolea. Usiitupe. Nakala sahihi ndivyo ilivyo, na kurekebisha kunafanywa juu ya nakala nyingine, mchoro halisi ukiwa mezani pembeni ili jicho lilinganishe. Wanaopiga picha za makumbusho huweka kadi ya rangi zinazojulikana kando ya kazi. Wewe paka kipande cha karatasi ileile kwa rangi ulizotumia, ukitambaze pamoja na mchoro, kisha ukikate mwishoni.

Kutambaza si kunakili. Mwanaakiolojia Mary Leakey alipoichora upya michoro ya miambani ya Kondoa mwaka 1951, alitumia mkono. Huko ni kunakili, na mkono unaonakili lazima uchague: mstari huu ni wa mchoraji, ufa ule ni wa jiwe. Ukitaka uteuzi wa namna hiyo, nakili. Ukitaka ushahidi, tambaza.

Kuna mambo ya Katavi hasa. Kiangazi vumbi jekundu huingia popote, na chembe moja kwenye kioo huwa doa kwenye kila nakala. Futa kwa kitambaa laini kikavu, usimwage dawa juu ya kioo. Karatasi iliyojikunja wakati wa masika ilazwe chini ya vitabu vizito kwanza, kwa kuwa mashine nyembamba zinazouzwa sasa huona sawasawa kile tu kilichogusa kioo, na kilichonyanyuka milimita chache hutoka na ukungu. Karatasi nyepesi iwekewe nyingine nyeusi mgongoni, la sivyo kilichochorwa nyuma kitachungulia.

Asiye na kitambazo hutumia kamera ya simu, na inawezekana, mradi akumbuke kwamba mwanga una rangi. Barazani kivulini ndipo watu hupakimbilia, lakini kwenye uwanja wa udongo mwekundu mwanga unaogonga chini hupanda na wekundu wake, na ukuta wa kijani nao huchangia. Ni afadhali ndani, karibu na dirisha linaloangalia anga na si jua, simu ikiwa sambamba na karatasi na imerudi nyuma kidogo ili pembe zisipinde. Picha yenyewe itumwe WhatsApp kama faili la hati, kwa sababu ikitumwa kama picha hubanwa njiani.

Na mchoro wa A3 juu ya kioo cha A4? Utambaze kwa vipande viwili vinavyopishana sentimita kadhaa katikati, halafu uviunge kwa programu. Wengi hukizungusha kipande cha pili kichwa chini kwa sababu mfuniko unawazuia. Taa ya kitambazo humulika kutoka upande mmoja, hivyo vinyweleo vya karatasi hutupa vivuli upande huu katika kipande cha kwanza na upande ule katika cha pili, na muungo utaonekana hata rangi zikilingana kabisa. Kama bawaba zinaruhusu, ng'oa mfuniko, sogeza karatasi bila kuigeuza, na uifunike kwa kitambaa cheusi.