Huduma ya Kwanza kwa Aliye Katika Dhiki ya Akili au Uraibu

Wengi wetu tunajua la kufanya jirani anapoungua au kuvunjika mguu. Lakini mwanajumuiya anaposema amechoka kuishi, au kijana anapotekwa na pombe au heroini, tunamhurumia kwa mbali au tunaharakisha kumwonya. Kumbe kumsaidia mtu wa namna hiyo ni jambo linaloweza kufundishwa.

Mwaka 2000, nchini Australia, Betty Kitchener na mume wake, Profesa Anthony Jorm, walianzisha mafunzo ya huduma ya kwanza ya afya ya akili, ambayo yameenea katika nchi nyingi. Hayalengi kumfanya mwamini awe tabibu, bali kumwezesha kumtegemeza mgonjwa hadi apate tabibu. Yana hatua tano:

1. Kumwendea na kupima hatari. Tumwendee faraghani, tumwulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimtii wazo jipya, bali humfungulia mlango wa kusema. Akikiri, asiachwe peke yake, na sumu, dawa na kamba viondolewe karibu naye.

2. Kusikiliza bila kuhukumu. Tusimkatize, wala tusilinganishe mateso yake na ya wengine.

3. Kumpa faraja na maelezo ya kweli. Sonona na uraibu ni magonjwa yanayotibika. Si uvivu wala laana.

4. Kumhimiza aende kwa wataalamu. Aanzie kituo cha afya kilicho karibu. Kwa Tanzania, Hospitali ya Mirembe, Dodoma, hutibu magonjwa ya akili, na tangu mwaka 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili imekuwa ikitoa methadoni kwa waraibu wa heroini.

5. Kumuunganisha na watu wa kumtegemeza: familia, marafiki, Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo, au kikundi cha walioacha pombe.

Tuzingatie tahadhari tatu. Kwanza, tusiahidi kutunza siri pale ambapo uhai umo hatarini. Pili, mlevi wa siku nyingi asifungiwe ndani ili aache pombe ghafla, kwani anaweza kupata degedege na hata kufa. Kuacha kwake kusimamiwe na tabibu. Tatu, aliyezimia kwa pombe au dawa za kulevya, ikiwa anapumua, alazwe kwa ubavu asije akapaliwa na matapishi, kisha akimbizwe hospitalini.

Sala na Sakramenti ya Mpako wa Wagonjwa huenda pamoja na tiba, wala haviishiki nafasi yake. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2282 na 2283, inafundisha kwamba maradhi mazito ya akili yanaweza kupunguza uwajibikaji wa aliyejiua, na kwamba tusikate tamaa juu ya wokovu wake. Familia iliyofiwa hivyo, basi, isitengwe. Itembelewe na kuombewa kama wafiwa wengine.

Tunashauri kila jumuiya ichague angalau waamini wawili wa kujifunza hatua hizi, na kumwomba paroko awaalike wahudumu wa afya kuzifundisha parokiani.