Kanda za Kariakoo

Mwaka 1985 mjomba alinituma Kariakoo, Dar es Salaam, na kanda tupu ya dakika 60 na orodha ya nyimbo za dansi. Kijana wa duka la kunakili kanda alikuwa na deki mbili zilizounganishwa kwa waya. Kesho yake nilikuta kanda imejaa: upande A bendi ya Juwata, upande B bendi ya Mlimani Park, nyimbo zilizorekodiwa Radio Tanzania. Mpiga gitaa hakupata hata senti kwa kanda yetu, na nyumbani hakuna aliyeuliza. Sheria ya hakimiliki ilikuwepo tangu 1966! Ile ya 1999 ikaleta COSOTA, chombo cha kusimamia hakimiliki, kanda nazo zikiipisha CD. Leo wimbo unahama simu hadi simu, hata duka halihitajiki. Wanamuziki wale tuliwadhulumu. Walio hai tuwalipe.