Halijoto salama ya sehemu za mashine

Halijoto salama ya sehemu za mashine ni kiwango cha joto ambacho sehemu kama mota, beringi au mkanda huweza kukivumilia kwa muda mrefu bila kuharibika kabla ya wakati wake. Mashine nzima haina kikomo kimoja. Kila sehemu ina chake, na iliyo dhaifu zaidi ndiyo huamua.

Mfano wa karibu ni mashine ya kusaga nafaka, ambayo ni ya kawaida Kimara na katika vitongoji vingine vya Dar es Salaam. Mota ya umeme wa fezi tatu huzungusha kinu kwa mkanda.

Mota

Shaba ya nyaya za mota huyeyuka kwenye 1,085 °C, lakini vanishi inayozihami hushindwa mapema zaidi. Kwa kimataifa vihami hupangwa kwa madaraja: A (105 °C), E (120 °C), B (130 °C), F (155 °C) na H (180 °C). Herufi ya daraja huandikwa kwenye kibati cha mota. Katika daraja F, 40 °C ni za hewa inayoizunguka mota, nyuzi 105 ni ongezeko linalotokana na kazi yake, na 10 zilizobaki ni akiba kwa ajili ya sehemu za ndani zenye joto kubwa zaidi. Kwa hiyo kibanda cha bati kisicho na madirisha, katika joto la Desemba hadi Machi, huila akiba hiyo hata kabla mota haijawashwa.

Kwa makadirio yanayotumiwa na mafundi, kila nyuzi 10 zinazozidi kikomo hupunguza uhai wa kihami kwa nusu. Mota ambayo ingedumu saa 20,000 hudumu takriban 5,000 ikizidishiwa nyuzi 20.

Sababu za kuzidi ni nyingi: vumbi la unga kuziba mapezi ya kupozea, kinu kulishwa nafaka kupita kiasi, au volti kushuka, hali inayoilazimu mota kuvuta mkondo mkubwa zaidi. Hatari kuu ni fezi moja kukatika. Mota iliyokuwa ikizunguka huendelea kwa fezi mbili, ikinguruma, na koili zinaweza kuungua kwa dakika chache kama hakuna kifaa cha kukata umeme. Baada ya hapo hubaki kazi ya kusuka mota upya.

Beringi na mkanda

Beringi yenye grisi ya kawaida hufanya kazi vizuri chini ya 80 °C. Chuma cha beringi nyingi hubaki na vipimo vyake hadi karibu 120 °C, lakini grisi huchakaa kabla ya hapo. Mkanda uliokazwa mno huipasha joto. Grisi ikijazwa kupita kiasi hufanya vivyo hivyo, jambo ambalo wengi hawalitarajii. Mkanda wa mpira wenyewe hupasuka mapema ukifanya kazi mfululizo kwenye joto kali.

Upimaji

Kupima kwa kiganja ni desturi ya zamani na si nzuri. Chuma chenye 60 °C hakishikiki kwa zaidi ya sekunde chache, ilhali ganda la mota nzima ya daraja F linaweza kufikia 80 °C bila tatizo lolote. Isitoshe, mkono husogezwa karibu na mkanda unaozunguka. Kipimajoto cha miali ya infraredi husoma joto kwa mbali.