Gharama kubwa za matengenezo kwa wakala wa magari: Mwongozo kwa wasafirishaji wa Busia, Malaba na Tororo

Mfanyabiashara wa Merikit, wilaya ya Tororo, anayebeba mahindi au vitunguu kwa Canter yake hapati karakana kubwa ya wakala wa magari karibu naye. Kampala iko zaidi ya kilomita 200 kutoka Tororo, na Nairobi iko zaidi ya kilomita 400 kutoka Malaba. Gari likiharibika, ankara ya wakala inaweza kumeza faida ya safari nyingi. Makala hii inaeleza kilichomo ndani ya bei hiyo, namna ya kuipunguza, na haki za mwenye gari pande zote mbili za mpaka.

Kwa nini bei ya wakala ni kubwa

Ankara ya wakala huwa na sehemu nne: spea, malipo ya ufundi, vifaa vidogo (mafuta, grisi, vitambaa) na kodi ya VAT. VAT ni asilimia 16 Kenya na asilimia 18 Uganda. Ufundi huhesabiwa kwa saa zilizowekwa na kiwanda kwa kila kazi, hata fundi akimaliza mapema.

Tuseme, kwa mfano tu, wakala wa Kenya anabadilisha klachi:
- Spea: Sh 68,000
- Ufundi, saa 6 kwa Sh 3,000: Sh 18,000
- Vifaa vidogo: Sh 4,000
- VAT: Sh 14,400
- Jumla: Sh 104,400

Hapa spea ndiyo mzigo mkubwa. Mwenye gari anayebishania ufundi peke yake hata akipata punguzo la robo ataokoa Sh 4,500 tu kabla ya kodi. Akipata spea hiyo hiyo kwa Sh 50,000 ataokoa Sh 18,000. Kwa hiyo anza kwa kuuliza bei ya spea.

Hatua kabla ya kukubali kazi

1. Lipia uchunguzi peke yake. Uliza kwanza uchunguzi ni kiasi gani, kisha omba matokeo kwa maandishi. Karatasi hiyo unaweza kuipeleka kwa fundi mwingine.

2. Omba makadirio yanayoonyesha kila kitu: namba ya spea, idadi, saa za ufundi na kodi. Usikubali jumla tupu.

3. Tumia namba ya spea kulinganisha bei. Nairobi, ulizia maduka ya Grogan na barabara ya Kirinyaga. Kampala, ulizia eneo la Kisekka na Ndeeba. Uliza kama spea ni ya kiwanda, ya kampuni nyingine, au iliyotumika. Bei tatu hizi hazilingani, na maisha yake hayalingani.

4. Muulize wakala kama atafunga spea uliyoleta mwenyewe. Wengine hukubali lakini hawatoi dhamana ya spea hiyo. Jua hilo mapema.

5. Andika kwenye fomu ya kazi: "Kazi yoyote ya ziada ifanywe baada ya mimi kupigiwa simu na kukubali." Weka sahihi na ubaki na nakala.

6. Omba spea za zamani zirudishwe. Zitakuonyesha kama kweli kitu kilibadilishwa.

Kipi kipelekwe kwa wakala, kipi kwa fundi wa mtaani

Gari likiwa bado na dhamana, matengenezo ya dhamana yafanywe kwa wakala. Kompyuta ya injini, pampu ya dizeli na nozeli za kisasa zinahitaji mashine ambazo fundi wa jua kali mara nyingi hana. Klachi, springi, bushi, radieta na silensa fundi mzoefu wa Tororo au Busia anaweza kuzifanya vizuri. Breki na usukani visifanywe kwa kuangalia bei tu. Tafuta fundi unayemjua kazi yake.

Umri wa gari nao una uzito. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika la zaidi ya miaka 8. Uganda, tangu 2018, kikomo ni miaka 15. Kwa gari la zamani, wakala anaweza kuagiza spea kutoka nje na gari likasubiri. Piga hesabu ya siku za kukaa bila kazi pamoja na bei ya matengenezo. Karakana ya bei nafuu inayokaa na gari wiki mbili inaweza kuwa ghali kuliko wakala wa siku mbili.

Ukinunua spea ng'ambo ya mpaka

Utaratibu rahisi wa forodha wa Afrika Mashariki, kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 za Marekani, ni wa bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya. Spea iliyotoka Japani au Dubai haiingii humo hata kama umeinunua Busia. Itangaze forodhani ukiwa na risiti. Ukiipitisha njia ya panya, inaweza kukamatwa na ukapoteza spea na pesa.

Omba risiti ya kodi: ya eTIMS kwa Kenya, ya EFRIS kwa Uganda. Kama umesajiliwa kwa VAT na huduma yako inatozwa VAT, kodi ya kutengeneza lori la mizigo inaweza kudaiwa, lakini katika nchi ile ile tu. VAT uliyolipa Kenya huwezi kuidai URA.

Angalizo: lori likiharibika na mzigo ulio chini ya lakiri ya forodha, usihamishe mzigo kwenda gari jingine. Arifu forodha na wakala wako wa forodha kwanza.

Ukitozwa usichokubali

Kenya ina Sheria ya Kulinda Walaji ya 2012, yenye sehemu maalumu kuhusu matengenezo ya magari: makadirio, idhini ya mteja na kurudishiwa spea za zamani. Uganda ina Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya 2017, inayotaka huduma ifanywe kwa uangalifu na ustadi.

Kumbuka karakana ina haki ya kuzuia gari mpaka ilipwe. Usichukue gari kwa nguvu. Ikiwa unalihitaji barabarani, lipa huku ukiandika kwamba unapinga kiasi fulani, kisha dai kiasi hicho. Mahakama ya Madai Madogo ya Kenya husikiliza madai yasiyozidi Sh milioni 1. Uganda, kanuni za 2011 zinahusu madai yasiyozidi Sh milioni 10 za Uganda. Huko kote ushahidi wako ni makadirio, fomu ya kazi, ankara na spea za zamani. Asiye na karatasi hana kesi.